Kutoka Lubumbashi hadi Unguja na watoto: panga likizo kwa maji ya bahari

Watoto wa Lubumbashi wanayajua maji. Jumapili wamepelekwa Kipopo, baadhi yao wana bibi Kalemie au Moba na wameogelea Tanganyika, wengine wamefika Pweto wakaliona ziwa Mweru. Lakini maji hayo yote yana tabia moja: ukiyaacha asubuhi, jioni utayakuta palepale. Bahari ya Unguja haina tabia hiyo. Mara mbili kila siku huondoka, na upande wa mashariki wa kisiwa huondoka mbali kabisa, hata mtoto aliyelala akiota kuogelea huamka akakuta uwanja wa mchanga na ngalawa zimelala ubavu. Kuna familia zinazolipa pesa nyingi kufika kule, halafu zinanuna wiki nzima kwa jambo hilo tu. Ndiyo maana, makaratasi na njia vikishapangwa, mwongozo huu unatanguliza maji, kisha hoteli, matembezi yanafuata.

Nimeuandika kwa mzazi atakayesafiri vakansi kubwa, Julai au Agosti, na watoto wa umri tofauti, kwa siku saba hadi kumi kisiwani. Vakansi ya Pasaka siishauri: mara nyingi huangukia kwenye masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na hoteli kadhaa hufunga. Julai na Agosti ni majira ya upepo wa kusi, ukavu na joto la wastani. Utatoka Lubumbashi watoto wamevaa majaketi ya baridi ya asubuhi, na wakifika Unguja watayavua wasiyakumbuke tena.

Hatua ya 1: Makaratasi, miezi miwili kabla

Kila mtoto awe na paspoti yake mwenyewe, hata yule wa kubebwa mgongoni. Ikiwa mzazi mmoja anabaki, au watoto wanasafiri na shangazi, beba ruhusa ya mzazi anayebaki, iliyothibitishwa rasmi, pamoja na hati za kuzaliwa. Watu wa DGM, idara yetu ya uhamiaji, wanaweza kuiuliza uwanja wa ndege wa Luano au mpakani Kasumbalesa, na hapo si mahali pa kuanza kumtafuta kwa simu baba aliye zamu mgodini Kolwezi.

Kadi ya njano ndiyo inayowakwamisha wengi. Kongo imo katika nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo Tanzania huidai kwa kila anayetoka kwetu mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea. Cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kuchanjwa Jumatatu kwa safari ya Ijumaa hakukusaidii. Aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kama juu yake imeandikwa miaka kumi.

Masharti ya visa hubadilika, yaulize kwa ubalozi mdogo wa Tanzania hapahapa mjini, na kama unapita njia ya barabara uliza ya Zambia pia. Zanzibar ina jambo lake la ziada: tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima kwa wageni, inayolipiwa mtandaoni kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Angalia kiwango cha watoto palepale kwenye tovuti yao, ulipe kabla ya kufunga mizigo, uchapishe risiti.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa umri wa mtoto mdogo kuliko wote

Mwenye watoto wa chini ya miaka saba, kama mfuko unaruhusu, apande ndege. Kupitia Addis Ababa unaweza kufika Zanzibar moja kwa moja bila kupitia Dar es Salaam. Ulizia kama Go-Pass, ile ada ya viwanja vya ndege, imo ndani ya tiketi au utailipa uwanjani, maana kwa watu sita si hela ndogo.

Njia ya barabara ni ndefu lakini ina raha zake kwa watoto waliokomaa kidogo. Kasumbalesa iko kilomita kama 90 kutoka mjini. Vuka asubuhi na mapema kabla foleni za malori hazijakaza. Kisha Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, mpaka wa Nakonde na Tunduma, halafu Mbeya. Lala Mbeya. Usiwalazimishe watoto kumaliza yote kwa mkupuo. Kutoka Iringa kuelekea Morogoro, tafuta basi linalopita mchana na uwakalishe dirishani, kwa sababu barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Twiga, swala, nyani, mara nyingine tembo, vyote kwa nauli ileile ya basi.

Morogoro nashauri mshuke. Tangu 2024 kuna treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar es Salaam, na safari huchukua chini ya saa mbili. Kwa watoto wa mji wa reli kama wetu, ambao treni wanaijua kama mabehewa yaliyosimama, hiyo peke yake ni sehemu ya likizo. Kuhusu TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi: ni safari nzuri ikitembea, ila ulizia kwanza stesheni kama treni ya abiria ipo wiki hiyo, kisha ulizia tena kesho yake.

Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi huvuka kwa saa mbili hivi. Mgeni hulipa zaidi ya Mtanzania. Nauli ya kawaida ya mtu mzima imekuwa kama dola 35, watoto pungufu. Nunua tiketi dirishani au mtandaoni, si kwa kijana anayekukimbilia na kitambulisho shingoni. Kusi huchafua bahari, kwa hiyo panda boti ya asubuhi, kaeni nyuma ghorofa ya chini ambako mtikiso ni mdogo, na msishindilie matumbo kabla ya safari. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi, usiwe ndani ya sanduku.

Na saa! Zanzibar iko mbele yetu kwa saa moja. Pia kule huhesabu saa kuanzia kuchwa na kucha: saa mbili asubuhi ni 8h00, saa tisa alasiri ni 15h00. Sisi wa Lubumbashi tunahesabu kwa mtindo wa Kifaransa, na dereva akikuambia "nakuja saa tatu" atakuwa mlangoni saa 9h00 wewe bado unaogesha watoto. Kila mnapopatana, rudia kwa tarakimu na uongeze "asubuhi" au "usiku". Kuanzia hapa nami nahesabu saa kwa mtindo wao.

Hatua ya 3: Amua pwani kwanza, hoteli baadaye

Hapa ndipo likizo hupona au huharibika.

Kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, maji hupungua lakini hayaendi mbali. Mtoto anaweza kuoga karibu saa yoyote ya mchana. Upande huo pia umekingwa na kusi, kwa hiyo Julai bahari yake ni tulivu kuliko mashariki. Ubaya wake: bei ziko juu, wauzaji wa ufuoni hawachoki, na baadhi ya hoteli hupiga muziki hadi usiku wa manane. Uliza hilo la muziki kabla ya kulipa.

Mashariki, kuanzia Matemwe hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuo na unazuia mawimbi makubwa. Katikati hubaki bwawa pana la maji ya kina kifupi. Yakijaa ni mazuri mno kwa watoto. Yakipwa unabaki mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Upepo wa kusi hupiga upande huu moja kwa moja, na ndiyo sababu Paje imejaa watu wanaoteleza majini wakivutwa na vishada vikubwa. Kamba za vishada hivyo hukata. Usiwaache watoto wacheze mbele ya shule za mchezo huo. Sogea kusini kuelekea Jambiani.

Kwa maoni yangu: wenye watoto wadogo waende Kendwa, wenye watoto wa miaka saba hadi kumi na tano waende Jambiani, kwa sababu maji yakipwa kuna mengi ya kufanya kuliko yakijaa. Kwa vyovyote, anza na usiku mbili au tatu mjini, halafu hamia ufuoni mahali pamoja. Familia inayobadilisha hoteli kila siku mbili hutumia likizo yake kutafuta soksi.

Sasa jinsi ya kusoma maji. Bahari hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa sita na robo, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50. Maji yakipwa saa nne asubuhi leo, kesho yatapwa karibu saa tano. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika mita kama nne. Mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na bahari haiendi mbali. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, mnamo saa nne au tano, na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Mpango wa wiki ya bamvua unajitengeneza wenyewe: asubuhi kutembea vidimbwini, mchana kivulini, alasiri kuogelea. Wiki ya nusu mwezi ni kinyume chake, asubuhi ndiyo ya kuoga. Kwa hiyo ukipanga tarehe za safari, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kutazama picha za vyumba. Ukishafika, muulize mvuvi yeyote, hatakosea.

Hatua ya 4: Mji Mkongwe, kidogokidogo

Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba, magari hayaingii ndani, kwa hiyo mtoto anaweza kutangulia hatua chache bila moyo wako kuruka. Lakini angalia pikipiki, na kwenye barabara za nje mfundishe kutazama kulia kwanza: Tanzania huendesha upande wa kushoto. Hili lirudieni hata wakubwa.

Wape watoto kazi ya kuhesabu milango iliyochongwa, hasa ile yenye misumari mikubwa ya shaba. Shaba ni mali ya kwetu, hawatachoka kuigusa. Piteni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, kisha Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, hivyo msiahidi watoto kupanda juu.

Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, pana kanisa kuu la Kianglikana na vyumba vya chini vinavyosemekana vilikuwa vya kufungia watu. Watoto wa chini ya miaka kumi waache na mzazi mmoja wanywe soda nje. Walio wakubwa waingize. Kwa mtoto wa Katanga hii si historia ya watu wengine. Misafara iliyotoka kisiwani hapa ilifika hadi kwetu. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na mamlaka makubwa mashariki ya Kongo, alirudi kufia Zanzibar mwaka 1905, na nyumba yake ipo mjini bado. Mwaka 1891 kapteni Stairs, aliyetumwa kuitwaa Katanga kwa niaba ya mfalme Leopold, aliwakusanya wapagazi wake Zanzibar, akavuka kupitia Bagamoyo, akaenda hadi Bunkeya, na tarehe 20 Desemba mwaka huohuo Msiri, mtawala wa huko, akauawa. Ndani ya kanisa kuna msalaba uliochongwa kutoka mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone kule Chitambo, Zambia. Waliokuja kwa barabara walipita karibu na hapo, upande wa Serenje. Binti wa rafiki yangu, mwanafunzi wa sekondari, alisimama pale akauliza kwa nini shuleni walimfundisha habari za Bunkeya na za Zanzibar katika sura mbili tofauti. Sikuwa na jibu la maana.

Jioni nendeni bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Kabla jua halijazama vijana wa mtaani hujirusha baharini kutoka ukutani, na hilo tu hutosha watoto nusu saa. Wao wasijirushe, chini kuna mawe na maboti. Giza likiingia meza za chakula huwashwa taa. Sheria zangu ni mbili: uliza bei kabla ya kunyoosha mkono, na kula kilichopikwa mbele ya macho yako. Mishikaki inayotoka motoni, chapati, piza ya Zanzibari inayokunjwa na kukaangwa kwenye bamba, supu ya urojo ya moto, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu iliyokamuliwa ukiwa umesimama pale. Zile kamba na pweza zilizopangwa vizuri tangu alasiri, ziache kwa watu wenye matumbo ya chuma. Mchana tafuta sehemu za mama lishe, ambazo kwetu tungeziita malewa: wali wa nazi, samaki, maharage, na kisamvu cha nazi kitakachomtuliza mtoto anayelilia sombe. Ugali upo pia, ingawa atasema si bukari ya nyumbani.

Hatua ya 5: Changuu na kobe wake

Kisiwa cha Changuu kinaonekana kutoka Forodhani, mwendo wa boti wa nusu saa hivi. Patana bei ya boti nzima, kwenda na kurudi, na lipa ukisharudi. Ada ya kuingia kisiwani hulipwa kando, hakikisha mmeelewana nani anailipa. Toka saa mbili au tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea kabla boti haijang'oa nanga. Nahodha akikosa la ukubwa wa mtoto, tafuta nahodha mwingine. Wapo wengi.

Kobe wa kule asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Wengine wana umri mkubwa kuliko bibi yeyote unayemjua. Mnunulie kila mtoto fungu la majani mlangoni. Mtoto achuchumae mbele ya kobe, si nyuma, na amsogezee jani taratibu. Kobe atatoa kichwa, atanyoosha shingo yenye mikunjo hadi ionekane ndefu kupita kiasi, kisha atakata jani kwa sauti ya kukwaruza. Ukimkuna shingoni hutulia na kuinuka kwa miguu yote minne. Asipandwe mgongoni, hata mtunzaji akifumba macho. Majengo ya kisiwani yalijengwa kwa jela mwishoni mwa karne ya 19, lakini yakaja kutumika kama karantini ya wasafiri wenye homa ya manjano. Watoto wataelewa vizuri kwa nini waliulizwa kadi uwanjani.

Wenye boti watakuuzia pia Nakupenda, fungu la mchanga katikati ya bahari linaloonekana maji yakipwa. Ni zuri, ila halina mti hata mmoja. Beba mwavuli, maji na fulana za mikono mirefu, na msikae zaidi ya saa moja na nusu na watoto wadogo.

Hatua ya 6: Ufuoni, maji yakiondoka

Vaeni viatu, vyovyote vya zamani vyenye soli. Vidimbwini kuna wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba ukikatikia mguuni likizo ya mtoto huyo imesimama siku mbili. Tembeeni juu ya mchanga, si juu ya matumbawe. Tokeni maji yanapoendelea kupwa, mrudi mara tu yanapoanza kurudi. Yakigeuka huingia kwa kasi kuliko mguu wa mtoto, na hujaza mifereji iliyo nyuma yenu kwanza.

Kwenye vidimbwi mtoto ataona kaa wadogo, nyota za bahari, samaki waliobaki, kome. Kutazama ruksa, kubeba hapana. Jambiani na Paje utawakuta akina mama katika mashamba ya mwani: vijiti vimechomekwa safu kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na vishada vya mwani vikining'inia. Salimu kwanza. Wengi watakuonyesha jinsi ya kufunga kipande kipya kwenye kamba, na mtoto akijaribu watacheka naye. Mwani hukaushwa na kuuzwa nje, ambako huingia katika dawa za meno na aiskrimu. Usikanyage kamba na usipige picha bila kuomba. Ukinunua sabuni yao ya mwani utakuwa umeshukuru ipasavyo.

Maji yakirudi, tafuta mwenye ngalawa awapeleke watoto kwa tanga ndani ya bwawa, bila kuvuka mwamba. Kwa waliokaa Nungwi, kuna bwawa la kasa la Mnarani, na ufuoni mafundi wanaunda majahazi kwa mkono. Kaeni kando muwatazame, ombeni kabla ya kutoa simu. Pomboo wa Kizimkazi siwapendekezi. Mara nyingi boti nyingi huwakimbiza wanyama wachache, watu wazima hurukia majini kwa kelele, na mtoto anarudi ametapika bila kuona kitu.

Jua la pale hudanganya kwa sababu upepo unapoza ngozi. Fulana mwilini hata majini, kofia, na kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana watoto wawe kivulini. Lala ndani ya chandarua kama nyumbani. Kila siku kunyweni maji ya chupa, na beba toka Lubumbashi pakiti za chumvi za kunywa mtu akiharisha.

Hatua ya 7: Siku moja mbali na bahari

Jozani, kilomita kama 35 kutoka mjini, ndiko waliko kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar. Mwambie mtoto ahesabu vidole vya mkono wa kima anaposhika tawi: atapata vinne, gumba karibu halipo. Na kuna jambo litakalowafurahisha watoto waliokulia penye magunia ya makala, yaani mkaa: kima hawa hula makala. Watafiti wanaeleza kwamba huwasaidia tumboni dhidi ya sumu iliyo katika majani ya miembe na mikungu wanayopenda. Kaeni mbali nao hatua kadhaa, msiwalishe, vitafunio vibaki mfukoni. Njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko iendeni mara mbili, maji yakipwa na yakijaa, kama siku inaruhusu.

Mashamba ya viungo upande wa Kizimbani yanafaa hata siku ya mawingu. Mwongozaji atawapa watoto majani na maganda wanuse wabahatishe: karafuu, mdalasini, iliki, manjano, vanila. Saa mbili zinatosha.

Ikiwa mko huko Julai, ulizeni tarehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa Washirazi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, wanawake huimba, kibanda huchomwa moto. Watoto wenu watataka kuirudia na majirani kule Lubumbashi, mtaani Kenya au Katuba, jitayarishe.

Hatua ya 8: Pesa, mavazi na maneno

Sisi tumezoea kulipa kila kitu kwa dola. Tanzania, tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kupanga bei na kulipa kwa fedha za kigeni nchini, kwa hiyo badili shilingi benki au kwenye duka la kubadilishia, na utunze risiti. Plagi zao ni za miguu mitatu bapa. Nunua adapta moja na kigawanyio. Laini ya simu husajiliwa kwa paspoti.

Mjini mavazi yafunike mabega na magoti, kwa mama, baba na mabinti waliokua. Nguo za kuogea ni za ufuoni tu. Wafundishe watoto "shikamoo" kwa kila mzee. Neno hilo moja litawafungulia milango na kupunguza bei kuliko ujanja wenu wote. Kiswahili chetu kitawachekesha kidogo, lakini papasi, wale vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari, hupoa mara wakisikia mnazungumza. Mjibu kwa heshima, "hapana, asante kaka", na uendelee kutembea.

Kurudi

Msivuke siku ileile ya ndege au ya basi la Tunduma. Kusi ikikaza boti huchelewa au huahirishwa; vukeni jana yake, mlale Dar es Salaam. Mizigo isiwe na mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku Zanzibar na bara pia, wala makombe, matumbawe au kitu chochote cha gamba la kasa, hata kama mtoto amekiokota mwenyewe. Viungo nunueni soko la Darajani, mjini, kwa kupimiwa, mfunge vizuri, maana karafuu hunukisha nguo zote. Kadi za njano zibaki mkononi hadi Luano, wataziomba tena.